Ritifaa

Kwa miaka minne nilibadili majina kwa mkono.
Ghorofa ya pili, Luthuli Avenyu, juu ya wauza spika
wanaojaribu besi ileile tangu asubuhi hadi giza,
nilikaa mbele ya kompyuta ya mezani
yenye feni inayokoroma kama mgonjwa wa pumu,
na kila picha ya pasipoti iliyotoka kwenye kamera
ikiitwa nne-saba-sifuri-kitu, nne-saba-moja-kitu,
niliibofya, nikafuta lile jina la namba,
nikaandika: Kasyoka. Nikaandika: Barasa. Jerotich.
Mia mbili kwa siku. Shule zikikaribia kufunguliwa, mia tatu na ushei.
Kidole cha shahada kiliuma hata nikikoroga chai.

Basi Jumapili moja ya mvua, Umoja, stima ikipotea na kurudi,
nikajifunza kuandika skripti.
Mistari kumi na moja. Niliihesabu kama mzazi ahesabuvyo meno ya mtoto.
Soma daftari la wateja. Chukua picha. Ipe jina.
Ipunguze ifike kipimo cha serikali. Ipeleke kwenye folda ya kuchapwa.
Rudia.
Na mstari wa mwisho, nilioutia kwa uvivu, saa saba usiku:
Ukikwama, usiniite. Pita.

Jumatatu jioni nikabonyeza kitufe kimoja,
nikasimama, mikono mfukoni.
Majina yakashuka kiooni
kama sisimizi waliopata habari za sukari.
Bwana Shiundu akaja na kikombe chake, akatazama, akauliza:
"Sasa wewe nikulipie nini?"
Nikacheka. Yeye hakucheka mpaka mwisho.
Nikaanza kufika nyumbani kabla ya taarifa ya saa moja.
Mafuta ya kuchulia kidole yakaganda chupani.

Wiki ya tatu akapanda ngazi mama mwenye mwavuli uliovunjika ubavu.
"Hii ni mara yangu ya nne," alisema, bila kugomba,
na huko kutogomba ndiko kulikonikaba koo.
"Kila siku naambiwa picha bado. Uso wangu una nini?"
Jina?
"Kwamboka Ong'era."

Nikamtafuta. Hayumo kwa waliochapwa.
Nikarudi nyuma, kwenye folda niliyoacha kuifungua
tangu nijifanye bosi wa umeme,
na humo, kimya, na namba zao,
walikuwa kina Ng'eno, kina Ng'endo, Kang'ethe,
Nang'ole mwenye kovu kwenye nyusi,
Ong'ayo wawili, baba na mwana, tai moja waliyoazimana,
watu arobaini na sita wakinitazama bila kutabasamu
kama sheria ya pasipoti inavyotaka.

Kosa lilikuwa dogo kuliko chawa.
Kila jina nilikuwa nimelifungia kati ya mikwaruzo miwili,
mmoja mwanzo, mmoja mwisho,
ili mashine ijue mtu anaanzia wapi na kuishia wapi.
Ilipofika kwa Ong'era ikakuta mkwaruzo katikati,
ikadhani jina limekwisha: Ong.
Mabaki yake, era, ikayaona takataka.
Ikakwama. Haikuniita. Ikapita.
Haikuwa na chuki. Haijui ng'ombe, haijui ng'ambo,
haijawahi kung'atwa na mbwa wa jirani.
Neno "pita" lilikuwa langu.

Nilimpa kiti. Nikaandika jina lake herufi kwa herufi.
Printa ikatoa picha nne, zingali na joto;
akazipuliza, akazitia ndani ya kitabu cha benki.
"Kumbe nilikuwa humu tu?"
Humu tu, mama.

Usiku ule sikuwahi taarifa ya habari.
Niliifundisha kuruka ritifaa bila kulikata jina,
nikafuta ule mstari wa uvivu, nikaweka mwingine:
Ukikwama, simama. Niite. Nitajie jina zima.

Jana iliniita mara mbili. Mara ya pili
ni mteja aliyejiandikisha kwa herufi moja tu, O,
na simu yake haishikwi.
Niko hapa bado, na picha yake mbele yangu,
chai imepoa, kidole kinauma kidogo.